Simu ikizama Jangwani, duka lisizame nayo: Jinsi ya kusawazisha simu na kompyuta bila waya na bila kumaliza bando

Dar es Salaam. Ukikaa Dar unajua. Mvua ikikaza, Mto Msimbazi unapanda na Barabara ya Morogoro pale Jangwani inageuka ziwa. Magari yanasimama, watu wanakunja suruali, viatu mkononi.

Siku moja ya masika shangazi yangu alikuwa kati ya hao watu, anatoka dukani kwake Kariakoo anarudi Magomeni. Mkoba begani, simu mfuko wa nje. Aliteleza mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha.

Tuliiweka simu kwenye mchele siku tatu, kama kila mtu anavyofanya. Haikuwaka.

“Mwanangu, simu nitanunua nyingine,” aliniambia. “Ila nani namdai, nani ananidai, yote yalikuwa humo.”

Shangazi anauza vitenge. Baadhi ya wateja wake wanatoka Lubumbashi, Lusaka na Comoro. Wanachukua mzigo, wanalipa nusu, nusu inafuata. Namba zao, madeni yao na tarehe walizoahidi kulipa, vyote aliviandika kwenye simu.

Na dukani kuna kompyuta ya mezani. Ipo pale miaka kadhaa, kazi yake kuchapa orodha ya bei. Simu na kompyuta vilikaa meza moja kila siku, na havikuwahi hata kusalimiana.

Makala hii ni kuhusu hiyo salamu. Kama una duka, kibanda, saluni au ofisi ndogo, na biashara yako inaishi kwenye simu, soma hadi mwisho. Sehemu kubwa ya haya haihitaji hela. Inahitaji nusu saa ya Jumapili.

KUSAWAZISHA NI NINI HASA?

Chukulia una madaftari mawili ya madeni. Moja unatembea nalo, lingine linabaki dukani. Jioni unayaweka pamoja: kilichoandikwa huku na hakipo kule unakinakili, kilichofutwa huku unakifuta na kule. Ukimaliza, yote mawili yanasema kitu kimoja.

Hiyo ndiyo kusawazisha. Wengine wanasema kusinki. Tofauti ni kwamba kazi ya kunakili inafanywa na programu, na haichoki.

Haina maajabu. Kila kifaa kinaweka alama kwenye kitu kilichobadilika tangu vilipokutana mara ya mwisho. Vikikutana tena havisomi daftari zima, vinapelekeana vyenye alama tu. Ndiyo maana mara ya kwanza inachukua muda, zinazofuata ni fasta.

Tatizo linakuja pale kitu kimoja kikibadilishwa sehemu zote mbili. Wewe umeandika kwenye simu kwamba mteja kalipa laki mbili, kijana wa dukani kaandika kwenye kompyuta kwamba kalipa laki na nusu. Programu imwamini nani? Ni kama kumuuliza shabiki wa Jangwani na wa Msimbazi kama ile ilikuwa penalti. Kila mmoja ana toleo lake.

Programu nyingine zinachukua toleo la mwisho kuandikwa. Nyingine zinaacha yote mawili ili uamue mwenyewe. Hiyo ya pili ni salama zaidi, lakini dawa ya kweli ni ya kibinadamu: mkubaliane nani anaandika malipo, na anaandika wapi.

WAZO SI LA JANA

Kabla ya simu janja kulikuwa na vifaa vidogo vya mkononi vya kutunzia namba, ratiba na kumbukumbu. Maarufu zaidi kilikuwa Pilot, baadaye Palm, kilichotoka Marekani mwaka 1996. Kilikuwa na kitako chake kilichounganishwa na kompyuta kwa waya. Unakichomeka, unabonyeza kitufe kimoja, simulizi limekwisha.

Waya ulianza kuondoka taratibu. Kwanza ulikuja mwanga usioonekana, ule wa kuelekezeana vifaa uso kwa uso kama rimoti na televisheni. Kisha Bluetooth, jina lililotokana na mfalme wa kale wa Denmark, Harald Bluetooth. Palm ya kwanza iliyokuja na Bluetooth ndani yake, Tungsten T, ilitoka mwaka 2002.

Vifaa hivyo havipo tena sokoni. Kazi yao yote ipo kwenye simu uliyoshika sasa hivi. Kilichopotea ni ile tabia ya kubonyeza kitufe kila jioni.

NJIA YA 1: AKAUNTI YAKO

Hii ndiyo nyepesi kwa namba za simu na ratiba. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia sehemu ya akaunti, chagua akaunti yako ya Google, kisha usawazishaji. Washa anwani (yaani namba za simu) na kalenda. Kwenye kompyuta fungua kivinjari, ingia akaunti ileile. Kila kitu utakikuta pale.

Bando linakwenda, lakini kidogo sana, maana namba na tarehe ni maandishi matupu. Kinachomaliza bando ni picha na video. Hizo ziwekee sharti la kupanda kwenye Wi-Fi pekee.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo shangazi alipoumia. Laini yake ilipona majini. Tulipoichomeka kwenye simu nyingine tulikuta namba, lakini zile za zamani tu. Wateja wapya wote walikuwa wamehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe.

Unapohifadhi namba mpya, simu nyingi zinakuuliza: iwekwe kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti? Watu wengi wanabonyeza chochote kinachotokea. Namba iliyo kwenye laini au kwenye simu haisawazishwi na chochote. Chagua akaunti. Na zile za zamani, ingia mipangilio ya programu ya namba, tafuta sehemu ya kuingiza namba kutoka kwenye laini, uzihamishie kwenye akaunti.

Mwenye iPhone anafanya hivyohivyo kwa iCloud, ambayo nayo unaweza kuifungua kwenye kompyuta. Bure unapata GB 5. Google wanatoa GB 15, zikijumuisha barua pepe na picha zako.

NJIA YA 2: HOTSPOTI BILA BANDO

Hii wengi hawaijui, na ndiyo ningependa uondoke nayo leo.

Hotspoti ya simu ni vitu viwili kwa pamoja. Kwanza ni mtandao mdogo kati ya simu na kompyuta. Pili ni mlango wa kwenda intaneti. Bando linakatwa pale tu kitu kinapopita mlangoni. Faili likitoka kwenye simu kwenda kompyuta iliyo mita mbili mbele yako, halijapita mlangoni. Halikukati hata shilingi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kwenye simu ya Android zima data, kisha washa hotspoti. Simu nyingi zinakubali. Kwa kuzima data unafunga mlango wa intaneti, mtandao wa ndani unabaki.

2. Kwenye kompyuta tafuta jina la hotspoti yako na uweke nenosiri. Windows ikiuliza kama mtandao ni wa umma au wa binafsi, chagua binafsi. Ukichagua wa umma, kompyuta inajificha na simu haitaiona. Watu wengi wanakwama hapa na kuilaumu programu.

3. Fungua programu ileile kwenye vifaa vyote viwili. LocalSend ni ya bure na inafanya kazi kwenye Android, iPhone na Windows. Quick Share ya Google, ambayo hadi mwanzoni mwa 2024 iliitwa Nearby Share, nayo ina toleo la Windows. Utahitaji bando mara moja tu, siku ya kuzipakua.

Hizo mbili zinatuma faili unapoziambia. Kama unataka folda nzima ijisawazishe yenyewe, yaani picha ya risiti ukiipiga kwenye simu ijitokeze kwenye kompyuta bila kubonyeza chochote, kuna Syncthing. Nayo ni ya bure na haihitaji intaneti vifaa vikiwa mtandao mmoja. Kuipanga mara ya kwanza kunataka uvumilivu kidogo.

Kwa nini tunazima data? Kwa sababu kompyuta ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho ya Windows kimyakimya, ukashtuka bando la wiki limeisha kabla hujanywa chai. Siku ukilazimika kuacha data imewaka, ingia mipangilio ya Wi-Fi kwenye Windows na uweke alama kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Hapo inajizuia.

NJIA YA 3: BLUETOOTH, KWA VITU VIDOGO

Bluetooth ni ya polepole. Wimbo mmoja unaweza kuchukua sekunde 20. Video ya GB 1 inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima, wakati kwa Wi-Fi ni suala la dakika chache.

Lakini kwa namba za simu Bluetooth inatosha sana, na uzuri wake hata baadhi ya vitochi vinayo. Ingia kwenye orodha ya namba, tafuta sehemu ya kuhamisha au kutuma zote, upate faili moja linaloishia na .vcf. Hilo faili linabeba kitabu chako chote cha simu, na karibu kila simu na kompyuta inalisoma.

Kabla ya kutuma, unganisha vifaa. Namba ya tarakimu sita itatokea pande zote mbili. Hakikisha zinafanana ndipo ukubali. Ile si mapambo. Kariakoo mchana kuna Bluetooth za watu wengi zimewaka ndani ya mita kumi, na namba hiyo ndiyo inakuhakikishia unaongea na kompyuta yako, si ya jirani.

Kisha kuna hatua ambayo watu wanaisahau. Windows haipokei faili la Bluetooth mpaka uiambie. Ingia mipangilio ya Bluetooth, fungua sehemu ya kutuma au kupokea faili, chagua kupokea, iache inasubiri. Ndipo utume kutoka kwenye simu. Ukianza na simu, itakuambia imeshindikana.

Kama kompyuta yako ya mezani ni ya zamani, inawezekana haina Wi-Fi wala Bluetooth. Usiitupe. Kuna vidude vidogo vya USB vinavyoongeza huduma hizo, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta. Unachomeka nyuma, unaendelea na maisha.

WHATSAPP NA SMS ZA MIAMALA

Wengi wananiambia: “Mimi WhatsApp yangu iko kwenye kompyuta tayari, niko salama.” Hapana.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ni kifaa kilichounganishwa na simu yako. Simu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, kompyuta inatolewa nje. Kwa hiyo simu ikiibiwa leo na ukachelewa kurudisha laini, dirisha hilo litajifunga. Ingia mipangilio ya WhatsApp, washa nakala ya mazungumzo, weka iwe kila siku au kila wiki.

SMS za miamala nazo ni hadithi nyingine. Kusawazisha namba hakugusi SMS. Android inaweza kuweka akiba ya SMS kwenye akaunti yako, lakini huwezi kuifungua na kuisoma kwenye kompyuta. Inarudi tu unapowasha simu mpya. Kama SMS fulani ni ushahidi wa malipo makubwa, ipige picha ya skrini na uiweke kwenye folda inayosawazishwa.

MTEGO: KUSAWAZISHA SI KUWEKA AKIBA

Hapa naomba usiruke.

Vifaa vinavyosawazishwa vinafuatana kwa mema na mabaya. Mtoto akichezea simu akafuta namba hamsini, kompyuta nayo itazifuta, kwa utiifu uleule. Mfanyakazi akiharibu orodha ya madeni kwenye kompyuta, simu itapokea uharibifu huo kama habari mpya.

Google wanakupa nafasi ya kujitetea. Namba zilizofutwa zinakaa kwenye pipa la taka siku 30, na kwenye kompyuta unaweza kurudisha orodha nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku hizo 30. Ukigundua siku ya 31, pole. Kwa faili zako nyingine, Syncthing inaweza kuweka matoleo ya zamani, ila lazima uiwashe mwenyewe sehemu hiyo.

Mtego wa pili ni wa mahali. Simu na kompyuta vikilala duka moja, ukiwa na nakala mbili ni kama una moja.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa hili. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu liliwaka moto, lile jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Asubuhi ya Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka palepale Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Mbele ya maisha ya watu, faili si kitu. Lakini waliobaki, na familia za walioondoka, bado walihitaji kujua nani anadaiwa nini na mzigo wa nani ulikuwa wapi.

Kwa hiyo weka nakala ya tatu nje ya duka. Fleshi moja nyumbani, unakopia kila Jumapili, unaichomoa na kuifungia kabatini. Ikiwa imechomolewa, hakuna mtu wala kirusi cha kompyuta kinachoweza kufuta kilichomo.

KABLA HUJAUNGANISHA, FUNGA MLANGO

Usisawazishe kwenye kompyuta isiyo yako. Ukiingia akaunti yako kwenye kompyuta ya stesheni au ya rafiki ili uchape kitu kimoja, tumia dirisha la faragha na utoke ukimaliza. La sivyo unamwachia kitabu chako chote cha wateja.

Kompyuta ya dukani iwe na nenosiri. Kama inatumiwa na watu watatu, kila mmoja awe na jina lake la kuingilia.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti. Lakini fikiria hivi: namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini ileile iliyo kwenye simu iliyoibiwa. Utaingiaje? Google wanatoa namba za akiba kumi, kila moja ya tarakimu nane. Zichape au ziandike kwenye karatasi, uzihifadhi nyumbani pamoja na ile fleshi.

Na kumbuka, namba na majina ya wateja si mali yako peke yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kama ulipiga picha kitambulisho cha NIDA cha mteja kwa ajili ya mkopo wa mzigo na biashara imeisha, ifute. Usiiache inasawazishwa huku na kule.

SHANGAZI SASA

Ilichukua wiki kadhaa kujenga upya orodha. Tulikaa na risiti, na daftari la mzigo, na kumbukumbu yake, ambayo kwa kweli ni kali kuliko kompyuta yoyote. Wateja wengi walipopigiwa walitaja deni lao wenyewe hadi shilingi ya mwisho. Mmoja alimpigia kabla hata hajatafutwa: “Mama, nimeona kimya, vipi ile hela yako niitume wapi?” Wawili hawajapokea simu hadi leo.

Siku hizi namba ziko kwenye akaunti. Orodha ya madeni iko kwenye faili moja, anayeandika malipo ni yeye peke yake, na kila jioni kabla ya kufunga duka anawasha hotspoti, data imezimwa, simu na kompyuta vinapeana habari za siku. Fleshi iko Magomeni.

Mwezi uliopita nilimfanyia mtihani mdogo, na nakushauri na wewe ujifanyie. Nilichukua simu yake, nikaizima, nikaiweka mfukoni mwangu.

“Shangazi, simu imezama Jangwani. Mteja wa Lubumbashi anadaiwa kiasi gani?”

Alinitazama, akavuta kiti, akawasha kompyuta. Dakika mbili baadaye alikuwa ananisomea: jina, namba, kiasi, tarehe.

Kisha akanyoosha mkono. “Haya baba, nirudishie simu yangu. Na wewe, ya kwako umeshaisawazisha?”

Nilikuwa bado. Nilifanya usiku huohuo.